Mkono wa Kuandikia

Mzee Gerishon alifanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kuhifadhi wadudu cha makumbusho, akiwachoma pini na kuwaandikia majina. Kiharusi kilipomlemaza mkono wa kulia, aliamua kutunga kamusi ya majina hayo ya Kilatini, watoto wa shule wayaelewe. Mkono wa kuandikia ukawa wa bintiye Mwihaki, aliyeacha kazi mjini na kurudi nyumbani Uthiru, akidhani ni kwa wiki chache tu. Walianza na nyuki, Apis mellifera. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na walikuwa wamefika herufi M.

"Andika," mzee alisema asubuhi ile, madirisha yote yamefungwa kwa kuwa aliogopa baridi. "Musca domestica. Musca ni inzi. Domestica limetoka kwa domus, nyumba. Inzi wa nyumbani."

Mwihaki aliandika, jicho kwenye simu. Ofisi moja ya mawakili ilikuwa imemfanyia usaili na kuahidi kumpigia kufikia Ijumaa. Leo ilikuwa Ijumaa.

"Hawatapiga," mzee alisema.

"Akina nani?"

"Hao wa kazi. Walipiga jana, simu uliiacha kwa chaji ukaenda sokoni. Nikawaambia umepata kwingine."

Mwihaki alipiga namba ile. Msichana wa mapokezi alimjibu kwa upole: nafasi ilishachukuliwa.

"Baba, kwa nini?"

"Nani angeniandikia?" mzee aliuliza bila kumtazama. "Nani angenilisha?"

Mwihaki alitoka hadi langoni, akasimama pale. Kisha akampigia kakake Karanja, aliyeishi Kangemi, jirani tu, lakini hakuwa amekanyaga kwao tangu Pasaka.

"Kuanzia Jumatatu, asubuhi ni zako. Utamwosha, utampa chai. Mimi natafuta kazi."

"Aki Mwihaki, si unajua niko bize..."

"Usipokuja atakaa njaa. Mimi nitakuwa nimetoka."

Aliporudi ndani alimkuta mzee akilia kimyakimya. Alikaa kando yake. Hakuna aliyeomba msamaha.

Jumatatu Karanja alifika saa tatu, uso umekunjamana. Mwihaki alichukua bahasha ya vyeti na kutoka. Nyuma yake alisikia sauti ya baba ikimwita. Akaongeza mwendo kuelekea barabarani, akiogopa kwamba akigeuka mara moja tu, atarudi.