Ubah Asiye na Kitovu

Halimo alikuwa amekalia debe lililopinduliwa katika kitalu chake cha miche, kando ya mfereji wa Bulla Pesa, akikata vijiti vya waridi. Kila kijiti alikikata kwa mshazari, akakichomeka kwenye kiriba cha plastiki chenye mchanga na samadi, akachukua kingine. Mwalimu Wanja, aliyefundisha bayolojia katika shule ya wasichana, alikuwa akichagua miche ya mipapai na kulalamika juu ya jua. Kisu kiliteleza kikaondoa ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Halimo.

Halimo alikifunga kidole kwa pembe ya mtandio wake. Ile ncha ilikuwa imeangukia kiriba kilichokuwa wazi, na kwa kuwa mikono yake ilishazoea kazi, iliifunika udongo, ikaimwagilia maji na kukisogeza kiriba kivulini pamoja na vingine.

"Umepanda kidole," Wanja alisema.

"Kitaoza kiwe mbolea, mwalimu. Chukua huu mche, ule mwingine una kutu."

Halimo alikuwa mke wa Mahamud, mwenye lori la kupeleka bidhaa Moyale. Walikuwa wameoana tangu Halimo akiwa msichana na hawakuwa wamepata mtoto. Walikaa mtaa wa Chechelesi pamoja na mama yake Mahamud, Hooyo Asli, ambaye kila asubuhi alimuuliza Halimo kama kuna habari, na kila asubuhi Halimo aliinamisha kichwa upande wa kushoto na kwenda kuchemsha chai. Alikwisha kunywa dawa za mizizi, supu ya kwato na maji yaliyosomewa. Alikwenda Meru akapimwa, daktari akamwambia yeye hana kasoro, sasa amlete bwana. Mahamud alijibu kwamba haumwi popote.

Nyumbani kwao palikuwa na mipapai miwili. Mahamud alikata mmoja, kwa sababu ulitoa maua tu bila tunda na ulizuia lori kugeuka. Baada ya hapo ule uliobaki nao uliacha kuzaa, na Hooyo Asli alipoutazama alimtazama na Halimo pia. Siku moja Wanja alipokuja kunywa chai alimweleza yule mama kwamba mpapai uliokatwa ulikuwa dume, na huu jike unangoja chavua isiyokuja. Hooyo Asli alimsikiliza kwa heshima. Kisha alisema kwamba katika nyumba hii miti haiolewi.

Mvua za Aprili ziliponyesha, kile kiriba kilichipua nywele.

Zilikuwa laini na nyeusi, zimesimama wima kama miche ya vitunguu. Halimo alizigusa, akazikuta zina joto. Alikihamishia kile kiriba kwenye beseni, kisha lile beseni lilipojaa akauhamisha mmea ardhini, chini ya wavu wa kivuli, karibu na maji. Kila asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mfereji, alikuta kipande kingine kimetokeza: paji la uso, nyusi, macho yaliyofumba, pua. Mtoto alikuwa akipanda juu taratibu huku amelala, na udongo ulimwachia bila haraka. Halimo alimmwagilia pole pole kutoka pembeni, maji yasimwingie masikioni. Lopeyok, mzee aliyeleta samadi kwa mkokoteni wa punda, aliegemea mkokoteni wake akaangalia.

"Huyu usimpe samadi mbichi," alisema. "Itamchoma."

Mtoto alipotokeza mpaka mabegani alipiga chafya, akafumbua macho. Halimo alimchimbua kwa mikono, akamwosha, akakata mizizi iliyokuwa imeota kwenye visigino. Alikuwa msichana, mkubwa kiasi cha mtoto anayeanza kusimama. Alikuwa na mwanya wa Halimo kwenye meno ya mbele, na lile doa la Halimo nyuma ya sikio. Tumbo lake lilikuwa laini tupu, halina kitovu.

Walimwita Ubah, maana yake ua, ingawa hakuna ua lililohusika.

Majirani walileta maziwa ya ngamia na nguo za watoto wao zilizowabana. Waliuliza kama analala vizuri na kama meno yanamsumbua. Mama mmoja aliuliza ni udongo wa wapi, akaambiwa ni wa mtoni uliochanganywa na mchanga, akasema huo ni udongo mzuri.

Mahamud alirudi kutoka Moyale akiwa na vumbi kwenye kope. Alimbeba Ubah, akamgeuza upande huu na upande ule kwenye mwanga wa mlango.

"Anafanana na wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi niko wapi hapa?"

"Wewe hukuwepo," Halimo alijibu.

Mahamud alimrudisha mtoto kwenye mkeka. Alikunywa chai yake yote. Halafu alisema, bila hasira, kwamba huyu ni tawi la Halimo na anakaribishwa, lakini yeye anataka mtoto wa mbegu yake. Hooyo Asli alisema mwanawe amenena vyema. Mwanamke aliyeshindwa kuzaa kama watu, alisema, amezaa kama muhogo, na sasa ni wakati wa kutafuta mwanamke kamili.

Mwaka ule Ubah alikua vizuri. Lakini Halimo aliposhikwa na malaria, Ubah naye alishikwa saa ile ile, wakatetemeka chini ya blanketi moja kwa mpigo mmoja. Wanja alikuja kuwaona na machungwa.

"Ni kama ndizi, Halimo," alisema. "Mgomba unatoa chipukizi, chipukizi ni yule yule mama. Ugonjwa ukimjua mmoja umewajua wote. Watoto wa mbegu wanachanganya, mmoja anachukua kwa mama, mwingine kwa baba, kwa hivyo kila mmoja ana bahati yake."

"Mimi sijali malaria," Halimo alisema. "Juzi Hooyo alimkaripia. Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa. Upande wa kushoto, mwalimu. Kisha akaenda kuleta birika."

Wanja alimenya chungwa.

"Nilikuwa nataka mgeni," Halimo alisema. "Mtu aje nyumbani ambaye mimi simjui. Huyu nampenda mpaka naumwa, lakini namjua nje ndani."

Mke wa pili alikuja baada ya Idi. Aliitwa Deka, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi, msichana aliyecheka kabla hujamaliza kusema na aliyeongea na kuku, na sufuria, na lori. Hakumchukia Halimo. Alimpaka Ubah hina mpaka kwenye viwiko na kumfundisha kupiga mluzi, jambo ambalo Hooyo Asli alikataza na Deka akaendelea nalo jikoni.

Lakini miezi ilipita na Deka hakupata mimba. Kila asubuhi sasa Hooyo Asli aliwauliza wawili. Deka alijibu mwanzoni kwa utani, halafu kwa sauti ndogo, halafu akaanza kunywa zile dawa za mizizi. Siku moja Halimo, akiwa anapepeta mchele, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema katika nyumba ile.

"Hooyo, labda Mahamud naye apimwe."

"Mwanangu apimwe nini?" Hooyo Asli aliuliza. "Anaendesha lori mpaka Moyale bila kusinzia."

Halimo aliinamisha kichwa.

Kesho yake alasiri Deka alikuja kitaluni amevaa dirac, gauni lake jepesi la harusi, akakaa juu ya debe, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Abaayo, dada yangu, na mimi," alisema.

"Itauma. Na atakuwa wewe tupu, Deka. Hutapata mwingine."

"Mimi sijichoki," Deka alisema, akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akafumba macho. Halimo alikisafisha kisu kwa maji moto. Walikifunika kile kipande pamoja, viganja vyao vikigusana udongoni, na maji ya mfereji yalipita karibu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mtoto wa Deka alianza kucheka kabla mdomo haujatoka ardhini. Ilibidi wampangusie udongo usimwingie mdomoni. Walimwita Hodan. Ubah, ambaye wakati huo alishaanza kwenda madrasa, alikaa kando yake kutwa nzima akimfukuzia siafu, na Hodan alipotoka hawakuachana. Walilala mkeka mmoja. Walikula sahani moja. Baada ya msimu Halimo alimsikia Ubah akipiga mluzi njiani, na siku nyingine akamsikia akibishana na mwenye duka juu ya uzito wa sukari. Alisimama na kopo lake la maji, akasikiliza sauti yake mwenyewe ikisema maneno asiyowahi kuyasema.

"Ni udongo," Wanja alimwambia. "Kipandikizi ni kile kile. Lakini umekipanda mahali pengine."

Hooyo Asli aliwahesabu wake wa mwanawe kuwa ni wagumba wawili, akaita wazee wa ukoo. Walikuja Ijumaa baada ya swala, wakaketi kwenye busati, fimbo zao zimeegemea ukuta. Ahmednasir, mkubwa wao, aliwasifu wale wasichana kwa adabu. Aliuliza kama bado wanaota mizizi visigino vikikaa kwenye maji, Deka akajibu kutoka nje kwamba kidogo tu, naye mzee akasema ni kawaida. Kisha alisema kwamba wamesikia kuna binti mzuri Garbatulla, wa mama aliyezaa watoto wengi, na kwamba safari hii Mungu akipenda Mahamud atapata uzao. Mahamud alikuwa akiangalia vidole vya miguu yake.

Ubah aliingia na sinia ya chai. Alimpa kila mzee kikombe chake, akianza na mkubwa, kama alivyofundishwa. Kisha hakutoka.

"Ayeyo," alimwambia nyanya yake, Hooyo Asli, "kwa nini baba hapimwi?"

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Mzee mmoja alimwaga chai kwenye kanzu. Mwingine alisema astaghfirullah, akatazama dari, akatazama mlango, akauliza watoto wa siku hizi wanayatoa wapi mambo kama haya. Nje, karibu na jiko, Halimo alimshika Deka mkono.

Hooyo Asli aliinama kuokota kikombe kilichomwagika. Ahmednasir alikohoa, akainua viganja, akaanza kusoma Fatiha, na wengine wakamfuata kwa haraka kidogo kuliko kawaida. Walipomaliza walichukua fimbo zao. Mahamud aliwasha lori, wazee wakasaidiana kupanda, na gari likaelekea Garbatulla likiacha vumbi jekundu lililokaa hewani muda mrefu.

Ubah alikuwa bado amesimama katikati ya busati na sinia tupu, akingoja jibu.