Kiraka Kilichokunjamana Angani

Mimi ni kiguu na njia. Shule nimesoma vipande vipande, muhula huku, nusu muhula kule, na kazi nazo nimezishika hivyo hivyo. Nimeshona magunia, viti vya mabasi, mapazia ya majukwaa, mahema ya sarakasi. Sindano tu ndiyo haijawahi kunitoka mkononi.

Uzeeni nikaangukia kazi ambayo sikujua kama ipo duniani: kutia viraka parachuti za shule ya kuruka. Karakana yetu ni banda refu pembeni ya uwanja wa ndege ndogo. Ndani mna meza ndefu ya kukunjia, cherehani mbili, na dirisha moja lenye kioo kilichopasuka, nyuma ya cherehani yangu. Mkuu wa meza ni jamaa mnene tunayemwita Pasi, kwa sababu hakuna mkunjo unaobaki kwenye kitambaa bila ruhusa yake.

Kukunja alinifundisha, na mkono wangu ukashika haraka. Lakini kila nilichokunja alikifungua tena. Sheria ya meza ile ni kwamba hakuna anayemkunjia mwenzake parachuti kabla hajaruka na ile aliyoikunja mwenyewe.

"Si adhabu, Fundi," Pasi aliniambia. "Ukishaning'inia chini ya mikunjo yako, hutamkunjia mtu ovyo."

"Na nisiporuka?"

"Viraka vimebaki vichache. Mwezi ujao nitaleta mtu mwenye kadi ya kukunja, aliyekwisha kuruka na mikunjo yake. Nitakukumbuka, lakini meza ni moja."

Sasa, kuruka hakukunitisha sana. Kilichonitisha ni kufika chini. Ujanani nilianguka kutoka juu ya hema la sarakasi, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili, na tangu siku ile mimi na ardhi tunasalimiana kwa mbali. Ila kulikuwa na jambo lililoniwasha kuliko ule mguu. Kitambaa kile, kikishafunguka, kinakuwaje? Ukimshonea mtu shati, utaliona amelivaa. Mimi nilikuwa nashona kitu kinachofanya kazi mahali nisipofika. Kutoka dirishani niliona vidoa vya rangi tu, vinashuka, basi.

Mwalimu wa kuruka ni binti mwembamba mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alinifundisha kutua kwa kunirusha kutoka juu ya meza, chini kumetandikwa godoro. Miguu pamoja, magoti yalegee, macho mbele. Kila mara nilitazama chini.

"Mzee wangu, unatafuta nini huko?"

"Naangalia ardhi iko wapi."

"Ipo, haijahama. Ukiitazama utainyooshea mguu. Ukiinyooshea mguu, utauvunja."

Tulirudia mara kumi na moja. Mara kumi na moja nikatazama chini. Mwalimu akajifuta jasho.

"Jumamosi asubuhi, upepo ukitulia, utapanda," akasema. "Hapa ukikosea, unanikasirisha mimi tu. Kule juu, mzee wangu..."

Ninaishi kwa mdogo wangu, mkunga mstaafu, niliyemsimulia habari zote za godoro. Nimehamia kwake mara nane na mara saba nimeondoka bila kuaga. Ijumaa mchana alinikuta chumbani nafunga begi.

"Kaka, kesho unaruka au unahama?"

"Vyote vinawezekana."

"Pazia hilo umelishona mwenyewe. Nalo unabeba?"

"Nakuachia."

"Ahsante kwa ukarimu." Akaenda jikoni akawa anagonga masufuria kuliko kazi ilivyotaka.

Ukweli ni kwamba safari hii nilitaka kubaki. Ila sikujua mtu asiye na kazi hukaaje kwenye kiti cha mdogo wake mwaka mzima. Nikatia zana zangu chini kabisa ya begi, nguo juu yake, nikafunga zipu.

Jumamosi upepo ulitulia kweli, bahati yangu mbaya. Parachuti nilikuwa nimeikunja jana yake, Pasi amesimama nyuma yangu akikagua kila hatua na asiguse kitu. Ndegeni tulikuwa rubani, Pasi na mimi. Mwanafunzi hafungui parachuti mwenyewe. Kuna kamba iliyofungwa ndegeni, ukitoka inakufungulia. Pasi akaivuta mara mbili nione.

"Unaniamini?" nikamuuliza.

"Mimi? Aliyekunja ni wewe. Jiulize mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Nikapiga moyo konde, nikaachia.

Kufumba na kufumbua, mikanda ikanibana mapajani, kelele za injini zikaenda zake, na juu yangu kitambaa kikapiga kofi moja kubwa. Nikatazama.

Mungu wangu. Parachuti zetu ni za mstatili, zina vyumba vilivyopangwa safu, na kila chumba kilikuwa kimejaa hewa kikawa mto mnono. Mishono yangu ilikuwa imenyooka, inafanya kazi. Hofu ilienda wapi sijui. Nilikuwa nakagua. Chumba cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Cha tatu kutoka kushoto, pale nilipotia kiraka, nikaona kumekunjamana. Mezani kilikuwa kimelala kama karatasi! Kumbe uzi niliukaza mno, na kitambaa hakisemi mpaka kibebe mzigo. Je, na kile cha saba, nilipo...

"Mzee!" Redio niliyofungwa kifuani ilipiga kelele kwa sauti ya Mwalimu. "Mzee wangu, unakwenda wapi?"

Nikashusha macho. Uwanja ulikuwa nyuma yangu. Mbele palikuwa na barabara na lori la mchanga.

"Naangalia kiraka," nikajibu, ingawa redio yangu ni ya kusikia tu.

"Vuta kishikio cha kulia! Vuta! Hivyo hivyo. Endelea. Achia!"

Uwanja ukarudi mbele. Na ardhi, ile ile, ikaanza kuja. Goti la kushoto likanyooka lenyewe, macho yakaanza kuteremka.

"Mzee wangu," Mwalimu akasema, safari hii taratibu kama mtu aliye mezani kwako, "ule ufa wa dirisha lako unaanzia juu au unaanzia chini?"

Swali gani hilo? Nimekaa na dirisha lile miezi mitano na sikuwa na jibu. Nikaitafuta karakana, kule mbele, nikakaza macho kwenye kioo. Unaanzia... kona ya juu, unashuka kulia...

"Vuta vyote viwili! Sasa!"

Nikavuta mpaka kiunoni. Nyasi zikanipokea kwa matako, nikaburutwa hatua mbili, nikasimama. Nikaupapasa mguu wa kushoto. Mzima.

Mwalimu alikuja mbio, anacheka na kutukana kwa pamoja. Baadaye Pasi naye akashuka kutoka ndegeni, anatembea polepole.

"Kile kiraka cha tatu nakifumua," nikamwambia kabla hajafungua mdomo.

"Kimekuteremsha salama."

"Kimejikunja."

Akakishika kiraka, akakigeuza. "Kadi yako nitaisaini. Ila fumua kwanza, leo leo."

Wembe wangu wa kufumulia ulikuwa nyumbani. Nikaenda hivyo hivyo na nyasi suruali nzima, nikafungua begi, nikamwaga vyote kitandani. Mdogo wangu akasimama mlangoni.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Wembe."

"Na nguo?"

"Zilikuwa juu yake."

Akaokota shati la kwanza, akalitundika. Akaokota la pili.

"Ulitazama chini?"

"Kidogo," nikasema. "Halafu nikaulizwa jambo."