Gurudumu la Mwalimu

Baba alifundisha fizikia miaka thelathini na miwili, na mimi nilipita darasani kwake. Nikiwa na miaka kumi na tano niliandika kwenye mtihani kwamba gurudumu likipakwa grisi vizuri linaweza kuzunguka milele. Alinipa sifuri, akanisimamisha mbele ya wenzangu, akasema nguvu ya bure haipo. Kwa hiyo nilipomkuta, mstaafu mzima, amepiga magoti sebuleni anabandika sumaku za spika mbovu kwenye gurudumu la baiskeli, sikujua nicheke au nilie. Nikacheka.

"Nani kakudanganya, baba?"

Akanionyesha video kwenye simu. Jamaa mmoja ana feni inayojiendesha yenyewe, taa tatu zinawaka juu yake, naye anatabasamu kama bwana harusi.

"Tazama meza yake," nikamwambia. "Fundi gani anatandika kitambaa mpaka sakafuni? Mimi nasuka mota kila siku, meza yangu ina grisi tu. Chini ya hicho kitambaa kuna betri."

"Huenda."

"Si huenda. Ipo."

Alilisukuma gurudumu, akatazama saa yake, na liliposimama akaandika ukutani kwa chaki: dakika nne. Ilikaa chini ya ile ya jana, dakika tatu na nusu. Kwa hesabu zake, lilikuwa njiani kuelekea kutosimama kabisa.

Chumba cha pili alilala mama, mrija puani, mashine ya oksijeni ikinguruma kando ya kitanda. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, na umeme wetu ulikuwa unakatika unavyojisikia. Ukikatika tulibaki na mtungi mmoja wa akiba tuliopewa hospitali, wa saa tatu. Mara mbili umeme ulirudi mtungi ukiwa karibu kwisha. Karakanani nilikuwa nafufua jenereta kuukuu, kipuri hakifiki, na huku baba anacheza na sumaku. Roho iliniuma.

Jumamosi nilikuja na kalamu na karatasi. Nilitaka nimpigie hesabu mbele ya macho yake mpaka aone aibu, kama alivyonifanyia mimi. Kabla sijaanza, mama akaniita. Siku hizo aliongea kwa vipande, akivuta pumzi katikati.

"Mwache."

"Mama, lile gurudumu haliwezi kufanya kazi."

"Najua. Nimeolewa na mwalimu wa fizikia." Akapumzika. "Asipohesabu gurudumu, atakaa hapo kwenye kiti, ahesabu pumzi zangu. Ndivyo alivyokuwa anafanya. Nilikuwa silali."

Niliona haya. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikaenda karakanani kuchukua beringi mpya. Niliporudi nililifungua gurudumu, nikazitoa zile za zamani, nikafunga mpya. Baba alinishikia spana. Siku ile lilizunguka dakika kumi na moja. Alikwenda mwenyewe kumwambia mama, nami nikamsikia mama akicheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi.

Mama alifariki Jumatano, saa nne asubuhi. Umeme ulikuwepo. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri, na mtungi ulikuwa umejaa.

Tulipotoka kuzika, watu walipotawanyika, baba alivuta kiti mbele ya gurudumu akalisukuma. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Naapa, mimi ninayejua mota kuliko ninavyojijua, nilikuwa naliomba lisisimame. Lilipungua mwendo, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Baba hakutazama saa. Chaki ilikuwa mkononi mwake na hakuandika kitu.

"Ulikuwa unajua litasimama?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza." Akaiweka chaki sakafuni. "Lakini ile sifuri niliyokupa, mwanangu, nilitamani sana nije niifute."