Sabuni ya Unga na Nyota Tano

Tableti ya dada yangu ilikuwa imeanikwa kambani. Alikuwa ameitia ndani ya wavu wa vitunguu, akaubana kwa vibanio vinne kati ya aproni na foronya, na kila baada ya muda ilidondosha tone la povu. Upepo ukipita, wavu uligeuka taratibu: kioo, mgongo, kioo tena, kama mteja anayejitazama nguo mpya.

"Imetakata," dada akasema mlangoni, akijifuta mikono. "Umeona? Chaki yote imetoka, na yale mafuta ya cherehani pia."

Mimi nilikuwa nimekuja kunywa chai tu.

Miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa lifti. Kazi yenyewe ilikuwa grisi na nyaya, lakini kilichonijengea jina ni mdomo. Lifti ikikwama katikati ya ghorofa, mwenzangu alipanda juu kwenye mota, mimi nikabaki nje ya mlango kuwatuliza walionaswa. Mtu aliyefungiwa kwenye sanduku la chuma hataki ukweli. Mwambie waya umechakaa, atazimia hapo hapo. Kwa hiyo niliwasimulia habari za lifti iliyopitiliza hadi juu ya paa, ikamkuta mwenye jengo anaoga. Na za bibi harusi aliyekwama saa tatu na mpishi, mlango ulipofunguliwa akauliza kama bado kuna nafasi ya kubadilisha bwana. Walioingia wanalia walitoka wanashika mbavu. Shule yangu iliishia darasa la sita, mengine niliyaokota kwenye magazeti yaliyofungiwa vipuri. Hata hivyo hilo nililijua kuliko wahandisi: uongo ukipimwa vizuri hushusha pumzi.

Nikastaafu. Nyuma ya mlango hapakuwa tena na mtu wa kumsimulia.

Ndipo nikagundua maoni ya wateja. Duka moja la mtandaoni liliuza simu, tableti, saa za mkononi, spika, kila kidude kinachochajiwa, na chini ya kila kimoja paliachwa nafasi ya mtu kusema lake. Nilijiita Mzee wa Majaribio. Vitu vyenyewe sikuwa navyo. Nilikuwa na simu moja, tena yenye ufa. Lakini nilivisifu na kuvikosoa vyote. Kuna simu iliyotumbukia kwenye shimo la lifti ikawapigia zimamoto yenyewe. Kuna saa iliyohesabu hatua elfu nne za shemeji mmoja aliyedai amelala, ndoa ikaingia mashakani. Kuna spika iliyovuma hadi kuku wa jirani akataga mawili kwa mkupuo. Watu walicheka, wakabonyeza pale palipoandikwa "Maoni haya yamenisaidia". Mia nne na kumi na wawili niliwasaidia kwa simu ya shimoni peke yake.

Halafu mtu mmoja akaniandikia: "Mzee unachekesha, lakini kununua kwa neno lako, hapana."

Liliniuma hilo. Nikasema ngoja. Nikachagua tableti ile ile niliyomshawishi dada anunue, nikaandika bila chumvi hata chembe: "Naitumia karakanani. Ikichafuka naiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo. Nasugua taratibu, nasuuza, naanika kivulini saa mbili. Mwaka wa pili sasa. Nyota tano." Nilipoisoma nikajipigia makofi. Ilikuwa kavu kama risiti.

Dada ni fundi cherehani, kanizidi miaka sita. Maisha yake yote aliandika vipimo kwenye madaftari, hadi nilipomchosha kwa maneno akahamia kwenye tableti. Mtandao wa tableti aliuzima siku ya pili kwa sababu ulimletea matangazo ya viatu; mambo ya mtandaoni akabaki kuyasoma kwenye simu yake. Vipimo vikakaa humo ndani, humo tu. Na wiki ile humo mlikuwa na wauguzi thelathini na wanne, sare nyeupe za kuhitimu. Walipimwa wote kwa siku moja, wakatawanyika kwenda mazoezini katika hospitali za mbali, wasirudi hadi asubuhi ya sherehe. Zilibaki siku kumi na moja. Kitambaa kilikuwa kimeshanunuliwa, kimekunjwa juu ya meza, kinasubiri mkasi.

"Bado nusu saa," dada akasema akitazama saa ya ukutani. "Inatakiwa saa mbili kamili, kivulini."

 Niliitoa kwenye wavu, nikasikia maji yakicheza ndani.

"Dada, twende kwa Daktari."

"Nani anaumwa?"

"Twende tu."

Daktari ni jina tulilompa mama mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu, mtu wa maneno machache na bisibisi nyembamba kama sindano. Aliitikisa tableti mara moja sikioni.

"Mmeiwasha tangu ilowe?"

"Hapana," dada akasema. "Ilikuwa haijakauka."

"Hapo mmejiokoa kidogo. Msiiguse. Wala msiniletee habari za kuizika kwenye mchele, mchele ni wa kupika." Akaanza kufungua. Povu likatoka pembeni. Akainua macho. "Sabuni? Nani aliwaambia muioshe kwa sabuni?"

 Dada alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kifuani. Nimewatuliza watu wengi waliokwama, lakini siku ile sikuwa na hadithi hata moja mdomoni.

"Ni mimi," nikasema. "Dada, yule Mzee wa Majaribio ni mimi. Sijawahi kuosha tableti yoyote. Niliitunga."

"Najua ni wewe."

"Unajua?"

"Tangu ile simu ya zimamoto. Shimo la lifti, mdogo wangu? Nani mwingine?"

"Sasa kama ulijua, kwa nini uliniamini?"

Akageuka kunitazama, na sikuona hasira. Heri ningeiona.

"Ya zimamoto sikuiamini. Ya kuku nilicheka hadi nikajidunga sindano. Lakini hii hukuweka kichekesho hata kimoja. Nikasema, leo ndugu yangu anasema kweli."

Daktari akakohoa, akainamia kazi yake. "Rudini kesho alasiri," akasema. "Siahidi."

 Asubuhi nilifuta maoni yangu yote, thelathini na manane, nikaandika mapya chini ya ile tableti: "Usiioshe. Nilidanganya." Kabla ya saa sita mtu akajibu kwamba Mzee siku hizi kaishiwa.

Alasiri Daktari alikuwa ameitandaza kwenye kitambaa, ubao wake wa saketi umeshasuguliwa kwa spiriti na mswaki, umekaushwa. Akarudisha skrubu moja moja. Akabonyeza, hakuna kitu. Dada akafumba macho. Daktari akabonyeza tena, akashikilia; kioo kikawa kijivu, kikawa cheupe, na kwenye ule weupe yakajitokeza majina, moja chini ya jingine, na tarakimu zake.

Dada alikaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo, kwa bahati. Alitoa pumzi ndefu hadi vipande vya karatasi mezani vikapeperuka, na hapo siongezi kitu. Mimi nilicheka, kisha nikajikuta natafuta leso.

"Betri imeathirika," Daktari akasema. "Haina saa nyingi. Nakilini leo leo."

Tulinakili pale pale kaunta. Daftari lilikuwa jipya na mwandiko ulikuwa wangu, maana dada ndiye aliyekuwa akinisomea kutoka kwenye kioo. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mara thelathini na nne. Nilipomaliza wa mwisho na kuinua kalamu ili tuanze kuhakiki, kioo kikazima, na hakijawaka hadi leo, mwaka wa nne huu.

Karakanani kwake, dada alikunjua kitambaa cheupe juu ya meza, akakilainisha kwa viganja. Akachukua chaki. Daftari akaliacha mikononi mwangu.

"Hutaki kuliangalia kwanza?" nikamuuliza. "Ni mwandiko wangu."

"Nauona. Soma."

"Wa kwanza. Bega, thelathini na tisa. Kifua, tisini na mbili. Kiuno..."

Huyo wa kwanza nilimkumbuka tangu siku ya kupimwa, mcheshi, kiuno chake kingeweza kunipa hadithi ya wiki nzima. Dada alikuwa ameinama, chaki imesimama hewani.

"Sabini na nane," nikasema.

Akachora. Akashika mkasi, na hakuniomba nirudie.