Siku Kumi za Kungoja Damu Mpya

Jino moja liliutia aibu ukoo mzima wa Akonaay. Niling'olewa Ijumaa, na Jumapili damu ilikuwa bado inachuruzika, nikaingia kanisani, kijijini kwetu Daudi, na kitambaa mdomoni, watu wote wakinitazama. Jumanne Mzee Margwe akafika kwetu. Mwanawe Nicodemo, dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, alikuwa mchumba wangu, na harusi ilibaki miezi miwili.

"Akonaay," alimwambia baba, "mwanamke wa kutoka damu namna hii atazaa mara moja, halafu tumzike. Hii iko kwenye ukoo wenu. Na wadogo zake je?"

Baba aliinamisha kichwa. Nina wadogo watatu wa kike, na neno kama lile likishatoka nje hakuna atakayepiga hodi kuwachumbia. Nicodemo alikaa pembeni, akizungusha kofia yake magotini. Nilidhani ni huzuni. Mjinga mimi!

Wazee wakakubaliana nipimwe hospitali, Mbulu. Maabara ilikuwa chini ya Bwana Shumbana, mtu wa Kondoa, mpole kwa watu na mkali kwa kazi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana."

Alinitoboa ncha ya sikio, akawa anafyonza damu kwa karatasi kila nusu dakika. Dakika kumi na mbili, na damu bado inakuja. Akatikisa kichwa. Nikarudi kwenye benchi, fizi inaniuma, nikafungua fundo la khanga nikameza vidonge viwili.

"Umemeza nini?"

"Aspirini tu."

"Tu!" Alipaza sauti hadi mgonjwa wa jirani akashtuka. "Si nimekuuliza dawa!"

Lakini kwetu aspirini haikuwa dawa. Dawa ilikuwa sindano. Aspirini ilikuwa kitu cha dukani, enzi duka lilipokuwa na kitu.

Akanieleza. Ndani ya damu kuna chembe sahani, chembe ndogo za kuziba jeraha, na ngozi ya chembe hiyo ni mafuta. Ikigusa jeraha inaamka, na mafuta yale yanabadilika. Mengine yaliyokuwa yamefichwa upande wa ndani yanageukia nje, damu ipate pa kugandia. Mengine yanakatwa na kufanywa wito wa kuziita chembe nyingine zije.

"Aspirini inazuia wito huo usitengenezwe," alisema. "Chembe inaliona jeraha, inanyamaza. Na ikishanyamazishwa haipati sauti tena mpaka ife. Ngoja siku kumi upate mpya. Usimeze hata kimoja."

Siku ya nne Nicodemo alinikuta kisimani. Vidonge alinipa yeye, kopo zima, alilolichukua kwenye sanduku la huduma ya kwanza la shamba. Alinipa kwa upendo, hilo sitalikana.

"Usinitaje, Efrazia. Nitafungwa."

Mwaka ule wahujumu uchumi walikuwa wanasakwa kila kona, na mali ya serikali ilikuwa mali ya serikali hata ikiwa kidonge.

"Ulijua ndivyo vinavyonitoa damu?"

Akatazama ndoo. "Msaidizi wa zahanati aliniambia. Jumatatu."

Jumatatu! Na Jumanne alikaa nyumbani kwetu akimsikiliza baba yake akituita watu wa damu mbovu. Lakini nilikuwa bado nampenda, nikamtafutia njia.

"Wazee wakiuliza, sema ulivinunua mjini Katesh. Kopo sitalitaja milele. Sema tu kwamba ni wewe uliyenipa, nijue uko upande wangu."

Akaapa kwa jina la mama yake.

Siku ya kumi baba zetu wote wawili walisimama maabara, Nicodemo nyuma yao. Bwana Shumbana akawaeleza habari ya aspirini, kisha akanitoboa sikio. Doa la kwanza kwenye karatasi lilikuwa kubwa kama harage, kisha kama punje ya mtama, kisha kama ulezi. Dakika ya tatu karatasi ikatoka nyeupe. Baba alilia bila kujificha. Mzee Margwe akacheka, akasema pombe ya harusi ianze kupikwa. Halafu akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Lakini mwanangu, aspirini nyingi hivyo, na maduka matupu, ulizipata wapi?"

"Mwulize Nicodemo," nilisema.

Kofia ikaanza kuzunguka mikononi mwake. Nikamngoja. Bwana Shumbana naye akaacha kufuta sindano yake, akamngoja.

"Mimi sijui," alisema Nicodemo.

Maumivu ya jino si kitu. Nilisikia moyo unanichanika, na bado kopo sikulitaja.

"Basi, mzee, kama yeye hajui, hata mimi simjui aliyenipa," nilimwambia Mzee Margwe. "Na huyu mliyetaka anioe, naye simjui."

Nikaichukua ile karatasi mezani, nikamkabidhi baba kwa ajili ya wadogo zangu, nikatoka.