Pasi ya Mwaka ya Mzee Eom

Eom Da-hye alimwona baba yake kabla baba hajamwona yeye. Ilikuwa tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya ukombozi, na foleni ya geti namba tatu la bustani ya michezo ya Byeolmaru ilikuwa imefika hadi kituo cha mabasi. Katikati ya foleni hiyo alisimama Mzee Eom Man-bok, kofia ya rangi ya chungwa ya ushirika wa wakulima kichwani, mfuko wa mahindi ya kuchemsha begani, amemshika mkono mjukuu wake Sol, mtoto wa kaka yake Da-hye. Alikuwa akizungumza na kila aliyemkaribia, kwa ile sauti ya kuuzia vitunguu saumu sokoni Danyang, sauti isiyojua kunong'ona.

"Tiketi ya nini, bwana? Mimi nina pasi ya mwaka! Kaninunulia binti yangu. Anafanya kazi hapahapa, mtu mkubwa!"

Da-hye akainama nyuma ya mashine yake ya kusomea pasi getini.

Tuseme ukweli, maana hadithi hii haina faida bila ukweli. Pasi ile alimnunulia kweli, baba alipotimiza miaka sabini, na kijiji kizima kikamsifu. Lakini aliichagua kwa hila. Zilikuwepo pasi za kuingilia siku zote, na zilikuwepo zilizofungiwa sikukuu na siku za watu wengi. Siku hizo ndizo alizopangwa getini, mbele ya wenzake wote. Akachukua iliyofungiwa. Si kwamba alikuwa bahili, pesa alikuwa nazo. Kazini alishasema kwamba baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, na wiki hii msimamizi wao, Bwana Pyo, alikuwa anachagua kiongozi wa zamu. Mtu aliyekamatwa na uongo hakabidhiwi zamu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Da-hye alikuwa mtumwa mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri.

Zamu ya mzee ikafika. Akamwona binti yake, uso ukachanua. "Da—"

"Karibu, mteja. Pasi tafadhali," Da-hye akamkata kwa sauti ya kazini.

Mashine ikalia, taa nyekundu ikawaka.

"Mashine hiyo imechoka na jua," mzee akacheka. "Ijaribu tena."

"Haitapita. Leo pasi hii imefungiwa. Tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, imeandikwa nyuma."

"Nimeisoma! Kumi na tano ya mwezi wa nane si sikukuu ya mavuno? Mbona bado sana! Siku hiyo hata mngenilipa nisingekuja, nitakuwa makaburini kwa wazee wangu."

Watu wakaangua kicheko. Mzee alikuwa amehesabu kwa mwezi mwandamo, kama anavyohesabu siku za kuzaliwa na za matambiko za ukoo wake wote. Da-hye alijua fika kwamba baba yake huhesabu hivyo, na siku ya kumpa pasi hakumwambia neno.

"Babu, rudi na mwezi wako!" kijana mmoja akadakia kutoka nyuma. "Sisi tunaungua huku!"

Bwana Pyo akaja mbio. "Kuna nini? Huyu mzee nasikia anasema ana binti hapa. Da-hye, unamfahamu?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi.

"Simfahamu," Da-hye akasema.

"Shangazi!" Sol akaita. "Babu, si shangazi Da-hye huyu?"

Mzee Eom akamtazama binti yake, kisha Bwana Pyo, kisha tena binti yake. Aliyekaa sokoni miaka arobaini hujua mteja anayetaka kuachwa. Akavua kofia.

"Hapana, Sol. Amefanana naye tu. Shangazi yako mnene kidogo." Kisha akamwinamia Bwana Pyo hadi kiunoni, yeye mwenye miaka sabini, kwa mtu wa umri wa mwanawe. "Kosa ni langu, bwana. Binti yangu yuko bustani nyingine, nimechanganya. Msimgombeze huyu, kanieleza kwa adabu sana."

Wakaondoka, Sol akigeuka nyuma kila hatua mbili.

"Umemmudu vizuri," Bwana Pyo akasema.

"Asante," Da-hye akajibu. Alisema asante! Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini nani angemfanyia hisani hiyo? Foleni ikasogea, mteja mwingine akanyoosha pasi.

Saa ya chakula alijificha nyuma ya ghala akapiga simu. Baba akapokea mara moja. Kelele za stendi ya mabasi zilisikika.

"Umekula?" baba akauliza.

"Baba, mimi..."

"Usilie, uso utavimba na wateja wanakungoja. Kosa ni langu, nimekuja bila kukupigia. Sisi tunakula mahindi yetu hapa. Sasa sikiliza. Pasi bado ina miezi tisa, na huyu Sol nimemwahidi kumpandisha lile gurudumu kubwa. Nitajie siku ambazo wewe hupo getini. Nitakuja siku hizo."

Alitaka kumwambia: njoo siku yoyote, Baba, njoo kesho, nitakushika mkono mbele yao wote. Mlango wa ghala ukafunguka, Bwana Pyo akachungulia.

"Jumanne," Da-hye akanong'ona. "Jumanne na Alhamisi."

"Ngoja niandike. Sol, nipe kalamu." Akaandika huku akitamka. "Jumanne... na Alhamisi. Haya, mwanangu. Nenda ukale."