Mikono Miwili ya Kushoto

Mikono ya gauni ililala mezani, miwili, myeupe, imetulia kama watoto waliosinzia baada ya kuoga. Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani ukapita juu yake taratibu, na satini ikang'aa. Fundi aliinua mkono mmoja, akauweka juu ya mwenzake, akaugeuza, akaurudisha. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Hilo ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kitambaa kikiwa chembamba, mikono hukatwa mmoja mmoja, na ukishakata wa kwanza huna budi kuipindua karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa pili. Fundi alikuwa amewafundisha wasichana wengi jambo hilo mpaka likamchosha ulimi. Sasa satini ilikuwa imekwisha, madukani haikuwepo tena, na gauni lenyewe lilikuwa la harusi ya mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Alingoja moyo umruke. Haukuruka. Alisimama pale, hana hofu, hana aibu, na ukimya huo wa ndani ndio uliomtisha.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo, tena kwa majivuno. Mafundi wengine wa nguo mnawajua: utaambiwa njoo kesho, na kesho utaambiwa njoo kesho, hata sare ya shule itoke mtoto ameshakuwa mrefu kuipita. Yeye hakuwahi kulitamka neno hilo. Sherehe za watu zilimkuta akipiga pasi, na misiba ikamkuta akitia vifungo. Siku hizi mlio wa cherehani haukukoma hata cherehani ikizimwa. Ulimfuata kwenye chakula, ukamfuata kitandani, ukamfuata bafuni chini ya maji. Watu wakija kuzungumza naye aliona mabega yaliyopishana, viuno vya kubana, pindo za kushusha. Nyuso zilikuwa zimeanza kumpotea.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia mdogo wake, Chiriku, aliyeanza kusema kabla ya kuota meno, kama anavyodai mama yao.

"Dada, nimekuja kujaribu. Tangu jana najinyima kula, usije ukanipanulia kiuno."

"Nimekata mikono miwili ya kushoto."

Chiriku alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akamtazama dada yake usoni, kicheko kikamkauka.

"Si ugeuze mmoja tu? Upande wa nyuma uje mbele."

"Upande wa nyuma haung'ai. Utaonekana."

"Na uonekane."

"Sitoi kazi ya namna hiyo. Nitalifumua lote. Nitatafuta kitambaa kingine, nianze upya." Alinyoosha mkono achukue mkasi. Vidole havikukubali kufumba. Mkasi ukateleza, ukaanguka sakafuni, naye akabaki ameutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Dada, unalala kweli?"

"Nalala."

"Sisemi kufumba macho."

Hapo Fundi alilia. Alilia kimya, bila kujifuta. "Sitaki tena kushona," alisema. "Halafu naogopa. Nisiposhona, mimi ni nani?"

Chiriku alimvua ile futi ya kupimia aliyoizoea shingoni, akaikunja, akaitia mfukoni mwake mwenyewe. Akamlaza juu ya lundo la vipande vya nguo pembeni, hariri na pamba na jinzi za watu, na Fundi akazama usingizini mchana kweupe.

Mteja mmoja alichungulia. "Fundi yupo?"

"Hayupo," alisema Chiriku.

"Mbona naiona miguu yake?"

"Miguu ipo. Mwenyewe hayupo."

Siku zilizofuata Fundi alizipitisha kwa mama yao, na zilipita bila kingo. Alilala, akaamka, akalala. Aliota magauni matupu yakipita barabarani, hamna mtu ndani, yakipunga mikono kwa upole. Akiamka, alilitazama pazia likivuta pumzi dirishani. Mama alimwekea maharage ayachague, naye akayachagua mpaka jua likahama kutoka sakafuni hadi ukutani. Siku moja alijiona mzima, akavaa viatu, akaenda mpaka dukani kwake. Aliposhika kufuli, moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka. Akarudi, na mama yake akamwekea maharage mengine.

Kisha mchana mmoja, vidole vikiwa ndani ya maharage, alisikia bomba likidondosha maji. Akasikia kuku wa jirani, na mtu akifagia. Ule mlio ulikuwa umekoma, hakujua tangu lini. Aliinua macho akamwona mama yake ameketi mbele yake, nywele zimekuwa nyeupe pembeni mwa uso.

"Mama, umezeeka."

"Na wewe umeamka," mama akasema.

Wiki hiyohiyo aliomba aletewe gauni. Hakutaka cherehani. Aliketi kizingitini na sindano, akaugeuza mkono mmoja nje ndani ukawa wa kulia, akaushika kwa mishono midogo. Akichoka, aliiweka sindano chini, akatazama njia. Jambo hilo lilikuwa geni kwake, akawa analifanya kwa wizi, huku akigeuka kuangalia kama kuna anayemwona.

Siku ya harusi Chiriku alitoka nje kwenye jua, na kila mwenye macho aliona: mkono mmoja uliwaka, mwingine ulikuwa mweupe wa maziwa, umefifia. Fundi alikaa miongoni mwa wageni, shingo tupu, uso ukimchoma. Bibi harusi alipita watu wote, akaja kumkumbatia dada yake kwa mkono ule uliofifia, asiuondoe.

"Huu ndio ninaoupenda," alimnong'oneza. "Hauniwashi."

Walikuwa bado wameshikana pale mama mmoja alipojipenyeza baina ya viti. Alikuwa mteja wa miaka mingi. "Fundi! Nimekutafuta hadi basi. Gauni langu je?"

Fundi alifumbua kinywa. Ahadi ya zamani, ya kulimaliza usiku huohuo, ilikuwa tayari ulimini. Akaimeza.

"Njoo kesho," alisema.

Chiriku alicheka mpaka akajishika kiuno. Yule mama alibaki ameduwaa, na Fundi akamtazama. Alikuwa na macho mazuri, yenye uchovu chini yake. Miaka yote hiyo alimjua kiuno tu.

"Keti kwanza," alimwambia, akamsogezea kiti.